Bampa la Bakari

Jumanne

Mbavu bado zinaniuma kwa kucheka, ingawa woga nao haujaniisha.

Bakari, mtani wangu anayebeba ufuta kutoka Mbekenyera, alileta pikapu yake karakana nimfungie mbele winchi, mashine ya kujivuta gari likikwama. Nikamwambia lazima kwanza nichomelee pleti ya chuma kwenye chesisi, fremu ya chini ya gari, maana winchi ikivuta, inavuta na pale ilipofungwa.

"Ukoo wenu mmezoea kunoa majembe," akasema. "Funga kwenye bampa, watu waione!"

Haya. Mwenye gari kasema. Nikafunga kwa bolti nne.

Kujaribu, tukaliingiza gari kwenye tope nyuma ya karakana, kamba ya chuma tukaifunga kwenye kisiki cha mkorosho. Watu wote nikawasogeza nyuma ya ukuta. Kamba ile ikikatika haichagui kichwa, na hapo sikuwa na utani hata kidogo.

Bakari akabonyeza rimoti mwenyewe, kifua mbele.

Gari halikusogea. Bampa ndilo lililong'oka, likatambaa na winchi yake kwenye tope mpaka kwenye kisiki.

Kurudi ndani, akaiona chini ya meza yangu pleti ya chesisi. Nilishaikata na kuitoboa tangu jana, aliposema analeta gari, nikaiandika jina lake kwa chaki.

"Kumbe ulijua!"

"Si nilikwambia, mtani?"

Ameapa siku nikifa atalala kaburini mwangu na lile bampa, asitoke mpaka ukoo wangu wote umwombe radhi. Na anaweza, maana msibani kwa baba yangu alikalia jeneza akidai chai, kwa utani huohuo.

Wanangu nimeshawaambia wachimbe kaburi pana.