Neno Alilobaki Nalo Kaka Yako

Bahi, Jumanne

Wifi yangu Evodia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Mpwapwa, wewe, shemeji William na watoto, na kwamba lile goti lako limepunguza kuuma. Sisi huku tunaamka. Mvua imenyesha mara mbili na mtama umeota. Erica ameingia darasa la tano na karibu ananifikia kwa urefu. Kaka yako anakula, analala, anashinda kivulini kwenye kiti chake. Usishangae kupata karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu ungelia, nami ningekata. Barua haikatiki, ndiyo maana nimempa kondakta wa basi akufikishie mkononi.

Habari uliyokuwa ukiingoja ni kweli: Jumapili hii nabatizwa. Darasa la ubatizo nimemaliza, Amri Kumi ninazo kichwani, na jina nimechagua Lydia. Mwinjilisti Batholomeo, anayetufundisha, amewaambia watu kwamba nilichelewa kwa sababu ya unyenyekevu, maana Pasaka iliyopita kaka yako alipobatizwa nilitakiwa nibatizwe pamoja naye, nikasema bado. Akina mama wa kanisa wananiita Mama Subira kwa jinsi ninavyomwogesha mume wangu na kumlisha kwa kijiko. Wananisifu kila Jumapili.

Subira gani, wifi? Wewe ndiye uliyeniambia niende kanisani, na kila nilipokwenda ngozi yangu ilijua. Jumapili ya kwanza kaka yako, akiwa bado mzima, alinichapa kwa fimbo ya kuchungia mpaka ikakatika, akatoka kwenda kukata nyingine, na mimi nimekaa palepale namsubiri, mjinga mimi. Ya pili alinibamiza uso kwenye kinu. Lile jino la mbele uliloniuliza liling'okea wapi, ni hapo. Alisema kanisa linawapa wanawake mdomo, basi yeye anaupunguza. Erica alipomshika mguu akimwomba aache, alimkanyaga mkono mpaka tukasikia mfupa. Zahanati tulisema ameanguka kutoka kwenye punda. Punda wetu hajawahi kupandwa na mtu, lakini nyumba hii wanyama ndio wanaobeba makosa.

Halafu likaja la Madoa, dume wetu wa kulimia. Unakumbuka ulivyofika na basi la kwanza, ukamkuta kaka yako hajitambui, kisogo kimepasuka, nami nikakueleza kwamba yule dume alimpiga teke zizini alipokuwa akimfunga nira. Wazee wa ukoo walikaa kidogo tu. Walisema ng'ombe aliyemwaga damu ya mwenye zizi habaki zizini, wakampiga shoka la paji la uso mbele ya macho yangu. Hakufa mara moja. Alipiga magoti, akasimama, akanitazama mimi kana kwamba anamjua mwenye kosa, wakampiga tena. Jioni ukapewa maini, wewe dada mtu, na ukayala huku unalia.

Kaka yako alirudi kutoka hospitali ya mjini na upande mmoja wa mwili na neno moja. Neno lenyewe unalijua: wewe. Akitaka maji, wewe. Nzi wakimsumbua, wewe. Siku ya ubatizo wake mchungaji alimwuliza kama anamkataa shetani, akajibu, wewe. Akamwuliza anamwamini nani. Akainua mkono wake mzima, akanyoosha kidole, akasema wewe, wewe, wewe, mate yakimtoka. Mchungaji alilia. Aliwaambia waumini kwamba sisi wengine tuna maneno tele na hatujamwona Bwana, lakini huyu amebakiwa na moja na amemwambia uso kwa uso. Kanisa zima lilipiga vigelegele, na wewe pia ulivipiga kwenye simu nilipokusimulia. Wakamwita Elisha. Wifi, mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, nimeshika taulo. Msalaba ulikuwa ukutani, juu ya kichwa changu.

Sasa kaa chini, soma polepole. Madoa hakumgusa.

Asubuhi ile ilikuwa Jumapili. Kaka yako alinichania gauni la kanisa nikiwa nimelivaa, akanipiga mateke ya tumbo mpaka nikatapika, kisha akakaa kwenye kigoda akadai uji. Nikampa. Alikuwa anaupuliza. Hakuwa ananipiga wakati huo, wala hakuwa ameninyanyulia mkono, na sitaki mtu aje aniambie nilijitetea. Nilichukua mchi, nikapita nyuma yake, nikampiga kisogoni. Alianguka na bakuli lake. Pigo hilo lilikuwa la hasira, na Mungu labda angelielewa. Lakini aligeuza uso, akanitazama, akaanza kusema kitu, na nikaona ananiogopa. Nilifurahi, wifi. Nikaushika mchi vizuri kwa mikono miwili, nikampiga tena kama ninavyotwanga. Neno alilokuwa akilisema ndilo alilobaki nalo.

Nilimburuta hadi zizini, nikamlaza miguuni pa Madoa. Dume wa watu alimnusa tu usoni, akarudi nyuma. Mchi niliusuuza, na mpaka leo natwangia huohuo.

Mabaya yake sijayasamehe, nikisema vingine nitakuwa nakudanganya tena. Ila siwezi kuingia kwenye maji yale na Madoa mgongoni. Jumamosi nitamwambia mchungaji yote, na akitaka nipelekwe polisi nitakwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Nimetaka wewe ujue kwanza kwa sababu ni damu yako, na kwa sababu umekubali kuwa mdhamini wangu. Utaratibu wa hapa, kabla ya maji, mchungaji huuliza ni nani anayemleta mtu huyu. Mdhamini husimama mbele ya watu wote, akajibu: mimi. Bila neno hilo habatizwi mtu.

Njoo, wifi yangu, hata kama ni kuja kunipiga makofi. Mchungaji akiniruhusu bado nisimame, nitasimama nikikungoja. Ukisema mimi, nitainamisha kichwa. Ukininyooshea kidole ukasema wewe, sitabisha. Nitavua kile kitambaa cheupe ulichonishonea, nikurudishie, na Erica nitakuomba uende naye, maana yeye hana kosa. Alikuwa mlangoni siku ile. Mwaka mzima hajaniuliza kitu, na huko kutouliza kwake ndiko kunakoniua.

Nisalimie sana shemeji William, mwambie mbegu za mbaazi alizotuma zimeota zote. Wabusu watoto. Kaka yako anakusalimu. Nimemtajia jina lako sasa hivi hapa kivulini, akasema neno lake, na mara hii nadhani alikukusudia wewe kweli.

Jina la Lydia nimeliacha pembeni kwanza. Aliyeandika haya na aliyefanya yale ni mmoja, wifi.

Ni mimi,
Nyemo