Kwa Papa, kuhusu Komando na kioo chenye giza

Papa wangu,

Nimekalia kiti chako cha barazani hapa Shituru, kile chenye mguu uliofungwa kwa waya, na Mama ameshapita kunikumbusha kwamba si changu. "Ile ni ya papa yako," amesema, kana kwamba umeenda dukani mara moja na unarudi sasa hivi. Nikamwambia ninakuandikia barua. Akanitazama kidogo, kisha akaniletea chai. Kwa hiyo ruhusa ninayo.

Nina habari nzuri na nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Lakini kwanza lazima tumzungumzie Komando.

Unakumbuka ulivyomchagua? Tulikwenda wote wawili Kakontwe, kwa rafiki yako wa machimbo ya chokaa ambaye mbwa wake alikuwa amezaa. Watoto wengine walikuwa wamejilalia tu. Mmoja alikuwa anabweka mpaka miguu ya mbele inaruka. Ukamnyanyua juu kama padri anayebatiza. "Voilà. Hii njo imbwa. Sikia sauti." Ukambeba ndani ya koti njia nzima, na mtaa wote ukaja kumsifu. Hakuna aliyeuliza anabweka kwa nani.

Alibweka kwa kila mtu. Kwa padri, kwa treni, kwa mvua, kwa Mama akirudi sokoni na beseni kichwani. Ulipotoka zamu ya usiku kiwandani alikubwekea wewe mwenyewe, nawe ukamjibu, "Bonjour, chef." Tukazoea. Ndipo ikaja siku ya kuku. Ilikuwa mchana kweupe, Mama yuko kwa jirani anasukwa nywele, wewe umelala, mimi niko jikoni na madaftari ya shule. Komando akabweka mpaka sauti ikamkauka. Nilikuja kukuamsha, ukasema bila kufungua macho, "Iache. Iko inafanya kazi yake." Tulipotoka nje, banda lilikuwa wazi na hakubaki kuku hata mmoja. Mama alinuna wiki nzima. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi. "Kweli, yeye alifanya kazi," ulisema. "Siye njo hatukufanya."

Mbwa aliyemfuata, Kimya, hukumchagua kwa masikio. Ulimleta kwa majaribio. Alipotuzoea, ukamtuma Papa Kabwe, mwenzako wa zamu, aingie uani amevaa koti lako na kofia yako, nawe umejificha nyuma ya choo. Kimya akambwekea vizuri. Kisha ukanituma mimi, nimejifunika gunia kichwani. Hakutoa sauti, alitikisa mkia tu. Ukatoka mafichoni unacheza kabisa, na Mama akasema ameolewa na kichaa.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana ulituacha kabla sijaenda Afrika Kusini, na wewe usingekubali jibu la "niko maabara" tu. Ninachunguza ubongo wa panya jike aliyezaa. Nataka kujua ni seli zipi zinazoamka kichwani mwake anaposikia mtoto wake akilia. Seli ya ubongo ikishtuliwa, muda mfupi baadaye hutengeneza protini inayoitwa Fos, na kuiweka katikati kabisa, kwenye kiini chake. Protini hiyo haionekani kwa macho. Kwa hiyo tunakata ubongo vipande vyembamba sana, tunaviweka kwenye kioo, tunavimwagia kingamwili. Kingamwili ni kile ambacho mwili hutengeneza kwa ajili ya kushika maradhi, ila hii yetu kazi yake ni kuishika Fos na kuibebea rangi. Inaposhika, seli inang'aa kijani chini ya hadubini.

Chupa ya kwanza ya kingamwili tuliichagua kama ulivyomchagua Komando. Kila mtu aliisifu. Na kweli, Papa, ilikuwa nzuri. Ubongo mzima wa yule mama panya uling'aa kama mji wetu wa Likasi siku umeme umerudi. Profesa wangu aliichapa picha hiyo na kuibandika ukutani. Nilimtumia Mama kwa simu, naye akaonyesha parokia nzima. Miaka yangu miwili ya kazi ilikuwa ndani ya picha ile. Kama ni ya kweli, ninatetea tasnifu yangu. Kama si ya kweli, sina kitu mkononi.

Nilipokuwa naitazama nikakusikia unajibu kwa macho yaliyofumbwa. Iko inafanya kazi yake. Nikaanza kukosa raha.

Basi nikaomba maabara nyingine inisaidie vipande vya ubongo wa panya wa aina ya pekee, ambaye amezaliwa hana uwezo wa kutengeneza Fos. Kwa huyo, kingamwili ya kweli haina cha kushika. Inapaswa kunyamaza. Nikavimwagia chupa yetu tuliyoipenda. Iling'aa vilevile, kijani kila mahali, mpaka nje ya viini ambako Fos haina shughuli. Ilikuwa inabweka kwa mvua.

Nilimwita profesa. Aliangalia, akaenda ukutani akaibandua picha mwenyewe. Sitakudanganya, nililia siku ile. Lakini kesho yake nilijikuta nacheka peke yangu kwenye basi, nikifikiria banda la kuku lililo wazi, na mama mmoja akasogea kiti cha mbele.

Nikatafuta chupa nyingine na kuzifanyia kama ulivyomfanyia Kimya. Kila moja nilianza nayo kwa yule panya asiye na Fos. Nyingine zilibweka papo hapo, nikaziweka kando. Kuna moja ilinyamaza vizuri, nikaipenda, ila chupa yake mpya ilipofika ikaanza kelele. Jina lilikuwa lilelile, lakini kingamwili, ambayo huvunwa kwenye damu ya sungura, ilitoka kwa sungura mwingine. Ndivyo nilivyojifunza kuuliza imetengenezwaje, sio inaitwaje, na kuchagua ile inayotengenezwa maabara kwa maelekezo yaleyale kila mara, bila kumtegemea sungura yeyote.

Siku nilipoijaribu hiyo kwa panya asiye na Fos, niliona giza. Nikaongeza mwanga wa hadubini, giza tupu. Papa, nilisimama nikacheza. Mwenzangu Nomsa akachungulia mlangoni akauliza nimeona nini. Nikamwambia, "Sijaona kitu." Akafunga mlango polepole.

Kikabaki kioo cha mama panya aliyemsikia mtoto wake. Kama nacho kingekuwa giza, basi hakuna aliyeamka kichwani mwa yule panya, na mimi ningerudi nyumbani mikono mitupu. Niliweka kioo, nikaweka jicho. Seli zilikuwepo. Si nyingi kama zamani, na si kali, vidoa vidogo vya kijani, kila kimoja katikati ya seli yake, vimekusanyika mahali pamoja. Kwa panya mwenzake aliyekaa kwenye utulivu, bila kusikia kilio, vilikuwa vichache sana. Kwa huyu vilijaa. Amesikia, Papa, na sasa nina haki ya kusema hivyo. Ninatetea tasnifu nikirudi, na picha ya kwanza nitakayowaonyesha ni ile ya giza.

Nimekuja likizo kumwambia Mama kwanza. Njiani kutoka Lubumbashi nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nyumba isiyo na wewe haitanitambua. Nilipofungua geti, mjukuu wa Kimya, anayeitwa Kadogo, akanirukia kwa kelele. Hajawahi kuniona maishani mwake. Nikaanza kucheka, sanduku mkononi.

"Unacheka nini?" Mama akasema, amekasirika kwa niaba yangu. "Imbwa inakukataa kwa nyumba ya papa yako."

"Iache, Mama. Iko na haki. Hainijue miye."

Nimempa makombo ya bukari, ugali wa Mama, kila siku, sikumlazimisha kitu. Nimekukosa sana wiki hii, kuliko nilivyokukosa ugenini, kwa sababu hapa kila kitu kina mkono wako. Lakini nimekukosa kwa furaha. Sikujua kama inawezekana.

Leo asubuhi nimekwenda kununua mkate. Nimerudi, nimefungua geti, nimepita uani, nimeingia jikoni. Mama alikuwa amenipa mgongo, anachambua majani ya sombe, wala hakugeuka.

"Weka mukate pale," amesema.

"Umejuaje kama ni miye?"

"Sikusikia imbwa. Nikajua ni muntu wa hapa."

Pumzika, Papa. Kiti chako nitakirudisha mahali pake.

Binti yako, yule wa gunia kichwani