Bunduki Fupi Kwenye Ngano

Nui Dat, Vietnam
17 Machi 1968

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, hofu ni kwenu tu huko Kojonup. Goti la Mama linasemaje? Na Tinka bado anafukuza magari, mbwa mzee yule?

Uliniuliza bunduki zetu zinastahimili vipi mvua ya msituni. Baba, ungeziona ungelia. Tumezikata! Mtutu mrefu huku unanasa kwenye mimea inayotambaa, na wakati wewe unahangaika kuunasua, mwenzako wa upande wa pili ameshakuona. Basi fundi anachukua msumeno na kupunguza. Bunduki inabaki fupi kama ya kuchezea, ila ikilia, moto unatoka kama tanuri. Chochote kinachogongana tunakizungushia tepu nyeusi: pete za mkanda, chupa za maji, hata kibati cha jina shingoni. Tukiwa doria hatusemi, ni ishara za mikono tu. Jioni tunasafisha bunduki kwa zamu, mmoja anafungua yake, wanne wanalinda. Na ili maji yasiingie, mdomo wa mtutu tunauvika ile mipira ya wanaume tunayogawiwa kwa ajili ya matembezi ya mjini. Hapo usimsomee Mama.

Noel, yule rafiki yangu wa Albany, anakusalimu. Anasema mafuta ya sufu uliyotutumia yanazuia kutu kweli, lakini tunanuka zizi zima. Tumeyaacha kambini. Msituni hata sabuni hatugusi, harufu inakutangulia.

Mwanao,
Lin

Kojonup, Australia
9 Aprili 1968

Mwanangu Lin,

Marahaba. Sisi wazima, goti la mama yako linauma likitaka. Onyo lako limechelewa, bwana. Nilikuwa nasoma kwa sauti mezani. Mama yako amecheka hadi akamwaga chai, kisha akasema kumbe jeshi lina akili.

Ila kukata bunduki, hapana, hiyo imenichoma. Ya babu yako bado inaning'inia juu ya mlango wa banda, jina lake alilochonga kwa kisu liko pale pale kwenye kitako, na mtutu wake mrefu unamfikia mbweha aliye mwisho wa shamba. Nyinyi watoto mkipewa msumeno ni balaa. Lakini kama ndiyo itakayokurudisha, kateni.

Sasa nijibu hili moja. Mwaka wako unaisha Februari, kunyoa kondoo ni Machi. Mikono yangu haishiki tena mkasi, nimekuwa bure kabisa. Niwaambie wanyoaji kwamba upo? Usipokuja nauza kondoo wote, sina ujanja mwingine. Msalimu Noel, mwambie kondoo hawanuki, wananukia.

Baba yako

Nui Dat
21 Julai 1968

Baba, shikamoo.

Mimi mzima.

Noel amekufa Jumanne. Tulikuwa tunatembea, akawa wa mbele. Tulimbeba mpaka jioni, helikopta ilikuwa haijaweza kushuka. Jioni ikafika zamu yake ya kusafisha bunduki. Nikaifungua nikaisafisha. Ilikuwa safi tayari, alikuwa mtu wa usafi. Nikairudisha.

Nimepewa likizo ya siku tano mwezi ujao, nitafika nyumbani. Kuhusu Machi, mkubwa wetu ananitaka niongeze mwaka. Sijamjibu.

Lin

Kojonup
15 Septemba 1968

Mwanangu Lin,

Natumaini umerudi salama huko kambini. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama alikukosea kitu. Nimemwambia hapana. Siku zote tano ulikaa ukitazama mlango. Chumvi uliiomba kwa kidole.

Juzi mbweha ameingia kwa wana-kondoo. Nikapanda kiti, nikaishusha bunduki ya babu yako, nikaiona nyepesi. Lin, umeikata. Umeisawazisha mdomo kwa tupa, kazi safi, na pete za mkanda umezizungushia tepu. Nilipiga hivyo hivyo. Ule mlio nusura uniue, na risasi sijui ilikwenda wapi. Mbweha alinitazama, kisha akaenda zake anatembea.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilikutukana peke yangu hadi koo likakauka. Kisha nikakaa kizingitini nikatazama nje. Mwanangu, hapa hakuna mti. Kutoka bandani hadi barabarani ni ngano tupu. Ilikuwa inase wapi?

Mama yako alisikia msumeno bandani siku moja ya likizo yako. Alifurahi. Alisema, mtoto ameanza kuchangamka, anatengeneza geti.

Mnyororo wa geti nao umeufunga tepu, na njuga ya Tinka kwenye kola. Sasa mbwa anakuja hatumsikii, mama yako amemkanyaga mkia mara ngapi sijui. Nimekwenda na kisu niitoe, nikashindwa. Umeifunga vizuri mno, na nadhani ulikuwa unatulinda.

Machi mwanangu. Bado nangoja jibu.

Baba yako

Nui Dat
28 Desemba 1968

Baba,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Kila nikiisoma naona kama habari za mtoto wa jirani. Nilitaka nilie kwa ajili ya bunduki ya Babu, halikuja hata chozi.

Sikumbuki kuikata. Nakumbuka nikikata bunduki siku moja nzuri yenye jua, nikisikia Mama anaimba jikoni. Lakini nilidhani ni huku.

Mkubwa nimemwambia siongezi. Waambie wanyoaji kwamba nipo.

Ila kabla sijafika, bunduki zote zitoke hapo nyumbani. Hata ya Babu. Mpe Mjomba Keith, au zitupe, na usiniambie ziko wapi hata nikikuuliza. Nikikuuliza kwa ukali, ndiyo kabisa usiniambie. Mwambie Mama hakunikosea.

Tepu ya Tinka iacheni. Nataka niitoe mwenyewe.

Lin

Kojonup
14 Januari 1969

Mwanangu Lin,

Marahaba. Safari hii hukuniamkia, lakini naitikia vile vile.

Zimetoka zote. Ya babu yako nimeitoa mwisho, na mama yako ametundika taa pale ilipokuwa ikining'inia.

Wanyoaji wanajua unakuja. Asubuhi hii Tinka amenijia tena kwa nyuma kimya kimya, nikaruka, ndoo nzima ya maziwa chini. Njoo umfungue mbwa wako.

Baba yako