Michirizi Myeusi ya Trela Itaniulia Mume

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye cherehani na mlango nimeutia komeo, maana mume wangu yuko uani anatafuta galoni ambayo mimi ndiye niliyeificha, na kila nikisikia hatua zake nainua kalamu nisikilize, kwa hiyo nisamehe mwandiko, na ukiweza nijibu kabla ya Jumamosi, baada ya hapo sijui kama kutakuwa na la kujibu.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona na kukodisha magauni ya maharusi, na mume wangu alikuwa dereva wa malori mpaka mgongo ulipomgomea akakaa nyumbani anahesabu nzi, ndipo siku moja akaja na wazo la kununua trela la boksi, yale yaliyofungwa pande zote kama chumba, tukaweka ndani kioo kirefu, pazia, taa na kibao cha kusimamia, tukawa tunalivuta na pikapu hadi kwa bibi harusi ajaribu gauni bila kutoka kwao, na kazi ikashika, Shangazi, na mume wangu akarudi kuwa mtu, akawa anapiga mluzi asubuhi, analiita trela "mke mdogo" na mimi nacheka, maana nani ataona wivu kwa bati.

Lakini trela lenyewe ni jeupe, na kila mvua ikinyesha inashuka michirizi myeusi kutoka ukingo wa paa mpaka chini, kama uso wa mtu aliyelia na wanja machoni, na mwanzoni aliiosha kwa sabuni ikatoka, mvua ikanyesha ikarudi, akachukua waya wa kusugulia masufuria akasugua mpaka rangi ikapoteza mng'ao, ikarudi tena, sasa nyeusi zaidi na imeng'ang'ania, na siku moja tulipofika kwenye nyumba ya bibi harusi mmoja, mama yake mdogo akasimama getini akasema kwa sauti, "Hiki ndicho mnachomletea mwanangu? Mbona kinalia kabla ya harusi?" Watu wakacheka, bibi harusi akakataa kuingia, akajaribia gauni chumbani kwake, na njia nzima ya kurudi mume wangu akakaza macho barabarani, na mimi nikaangalia nje dirishani kwa sababu sikujua la kumwambia.

Tangu hapo hayuko sawa. Trela huwa tunaliegesha kwenye uchochoro kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani, akatundika turubai juu na pembeni apate kivuli, akaingia na ndoo, na mimi nikiwa napiga pasi nikasikia ndoo inaanguka, kisha harufu ikaja, harufu inayokata pua kama wembe, nikakimbia nikainua turubai nikamkuta amepiga magoti, macho yanachuruzika, pumzi inapiga filimbi kama birika, nikamkamata makwapa nikamburuta mpaka uani, na kumbe alikuwa amechanganya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na ile asidi ya kusafishia choo, anasema alitaka nguvu za zote mbili. Mama mkwe, tunaishi naye, akaja mbio na kikombe cha maziwa anasema mwanawe tangu utotoni ana kifua chepesi, na mimi nikasema twende hospitali, mume wangu akanishika mkono akasema, "Usimwambie mtu. Watasema hata kuosha trela nimeshindwa." Nikakubali, nikarudi kwenye pasi yangu.

Sasa anakohoa akipanda ngazi tatu tu za barazani, lakini hajakoma, Shangazi, ameleta galoni nyingine haina hata lebo, aliyemuuzia kamwambia wanasafishia nayo vyuma vyenye kutu na haishindwi na kitu, na Jumamosi tuna bibi harusi mwingine, kwa hiyo anasema Ijumaa ataingia tena chini ya turubai lile lile, na mimi nikaichukua galoni nikaificha chini ya kitanda cha mama mkwe kwa sababu huko hawezi kutafuta, na leo amegundua haipo akaupiga mlango huu ngumi, "Nipe galoni yangu!" Mtu ambaye tangu tuoane hajawahi kunipandishia sauti! Sijui naogopa nini zaidi, kifua chake, ngumi ile, au Ijumaa yenyewe. Niuze trela? Nikimbilie kwa kaka yangu? Au nimpe galoni yake, liwalo na liwe?

Ni mimi,
Mke Mkubwa wa Trela

*

Mwanangu,

Barua yako sikuipanga foleni na nyingine. Namba ya simu ulikuwa umeiandika, nikapiga. Akapokea mumeo. Ninayasimulia haya kwa ruhusa yenu wote wawili, ili anayeficha kikohozi chake nyumba nyingine asome.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

"Mtu anayetaka kujua unapumuaje."

Akakohoa, na kikohozi kile nilikisikiliza mpaka mwisho, nacho hakikuwa na haraka ya kwisha. Nikajitambulisha. Nilidhani atakata simu.

"Shangazi," akasema, "mimi si mwendawazimu."

"Hakuna aliyesema. Ila ulichotengeneza kwenye ndoo ile ni hewa ya sumu. Inaunguza mapafu. Ukaivuta ndani ya turubai, kama mtu anayejifukiza."

"Nilitaka itoke tu."

"Nini itoke?"

Hapo ndipo alipofunguka, mwanangu. Akasema, "Lori limenishinda. Mgongo umenishinda. Yule mama aliposema vile, mke wangu akageuza uso, akaangalia dirishani njia nzima. Nikajua hata yeye ananionea aibu. Sasa na bati nalo linishinde?"

Unaona? Wewe ulikosa neno, yeye akasoma hukumu. Nikamwambia, "Mkeo aligeuza uso kwa kukosa la kukufariji." Akauliza polepole, "Amesema hivyo?" Nikamjibu, "Muulize mwenyewe, mnalala kitanda kimoja. Lakini mtaulizana mkiwa njiani kwenda hospitali. Sasa hivi. Na ukifika, mwambie daktari ulichanganya nini na nini, usimwambie umevuta vumbi."

Mkaenda. Wakamlaza. Uliniambia daktari alikasirika mpaka miwani ikamteleza, akasema mapafu yameungua na mngekawia zaidi angekuwa anazungumza habari nyingine na wewe peke yako. Nimefurahi. Sasa kaeni chini wote wawili niwaseme.

Wewe baba, usichanganye dawa mbili za kusafishia, hata siku moja, hata nje, hata kidogo. Nguvu ya mbili haiji ikiwa mara mbili. Inakuja ikiwa kitu cha tatu usichokijua. Na chombo kisicho na lebo usikiingize nyumbani kwako. Ngumi ya mlangoni nayo nimeisikia. Umeomba radhi, vizuri. Ikirudi, nitamwambia mkeo aende kwa kaka yake, na nitambebea mkoba.

Na wewe, mwanangu. Nakuonea huruma, lakini hivi kweli, sumu usiyoijua jina, ukaisukuma chini ya kitanda cha mama mzima anayelala? Kizibo kingelegea? Galoni ile mliyoitoa nje isifunguliwe wala isimwagwe kwenye mtaro. Isimame wima mbali na watu, kisha irudishwe kwa aliyeiuza au ipelekwe wanakopokea taka za kemikali. Na ile "usimwambie mtu" uliyokubali, mume akikosa pumzi hakuna siri ya ndoa hapo. Unapiga kelele, majirani wanakuja, gari linawashwa. Aibu ataishi nayo.

Sasa michirizi. Nimemuuliza fundi wa mabodi ya magari, naye amesema mlikuwa mnapigana na ubavu wakati adui amekaa juu. Maji ya mvua yanaokota vumbi na masizi ya paani, pamoja na unga wa ile gundi ya mpira ya kuzibia maungio, kwa sababu ikizeeka inachakaa, kisha yanamwagikia ubavuni. Kuosha ubavu paa likiwa chafu ni kupangusa sakafu huku bomba liko wazi. Na ule waya wa masufuria ndio uliozidisha balaa: umekwangua mng'ao, rangi imebaki na vinyweleo, uchafu unapata pa kushika.

Kwa hiyo ondoeni turubai. Likokoteni trela mahali penye hewa na kivuli, bati likiwa limepoa. Paa lioshwe kwanza, kwa brashi laini ya mpini mrefu, mtu akiwa kwenye ngazi na mwingine ameishika. Huyo wa kwenye ngazi asiwe mwenye mgongo wala mwenye kifua, mlipeni kijana mwenye nguvu zake. Ndipo mje ubavuni. Lowesheni, kisha pakeni sabuni ya kuoshea magari kuanzia chini kwenda juu, maana maji machafu yakitangulia kuteremka kwenye bati lisilo na sabuni yanachora mistari mingine. Suuzeni kutoka juu kwenda chini. Itakayogoma, tumieni dawa ya madoa iliyotengenezwa kwa rangi za magari, peke yake, mkiijaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Mkono wenye glavu, na subira.

Likikauka, pigeni polishi pale palipokwanguliwa, halafu nta mwili mzima. Maji yatateleza bila kulamba. Mkiona hayatengenezi tena matone, nta imekwisha, rudieni. Gundi iliyopasuka ikwanguliwe na kuwekwa mpya, kwani leo inachora ubavu, kesho itaingiza maji kwenye magauni. Mwambieni fundi awafungie vidomo kwenye ncha za mfereji wa paa ili maji yadondoke mbali na bati, na mkiegesha, upande mmoja uwe chini kidogo yaishie kona moja. Mvua ikikatika, pitisheni kitambaa kabla halijakauka. Uchafu mbichi hauna ubishi.

Najua Jumamosi imeshapita, na haya nilikwisha kukudokezea kwa simu kabla yake. Umenieleza kwamba hamkupata muda wa nta, mliosha kwa sabuni tu, mumeo akiwa ameruhusiwa kutoka hospitali, amekaa kwenye kiti mbali, amejifunga shuka, anatoa amri kama jenerali mgonjwa huku mama yake akimziba mdomo kwa uji. Michirizi ilibaki, hafifu. Bibi harusi akaingia, akajitazama kiooni, akalia mwenyewe kwa furaha, wala hakuuliza habari ya bati.

Lakini usilegee. Daktari amesema kifua kilichoungua kinaweza kubana tena ghafla. Midomo ikibadilika rangi, pumzi ikianza ile filimbi, usimsikilize akikwambia hajambo. Unaniuliza mbona bado unaamka kumsikiliza anavyohema. Amka, mwanangu, msikilize. Katika nyumba yenu, aliyekuwa na akili siku zote ni hofu yako, na nyinyi wawili mkaifungia ndani. Safari hii ikikuambia piga kelele, piga.

Shangazi