Ushuru Uliofunga Saluni

Doha, Machi 2016

Mama Velma mpenzi,

Natumaini hamjambo. Mimi ni mzima, ila vumbi la Lusail, ninakolinda majengo, limenikausha koo.

Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya ibada, nilitoka kanisani nikakuta ujumbe wako: mahakama imefuta ule ushuru wa kaunti uliofunga saluni yetu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kama katiba inavyotaka. Nililia mbele za watu.

Nikaenda kwa bosi kuomba kibali cha kutoka nchini.

"Kesi yenu ya Kenya hainihusu," akasema. "Maliza mkataba."

Kwa sheria ya huku, bila sahihi yake sipandi ndege.

Basi fungua saluni. Kiti changu mpe kinyozi mwingine. Velma akiuliza narudi lini, mjibu utakavyoweza.

Mumeo,
Levis