Mpira wa Bomba la Kahawa

Baba, shikamoo.

Maharage yameiva, yaondoe jikoni. Kahawa usipulizie dawa leo, maana mpira wa bomba nimeukata ~~kidogo~~ karibu nusu. Usikasirike kwanza. Lile gari la spoti alilopewa kaka Hamphrey alitengeneze, la kumbeba bibi harusi leo, asubuhi lilikohoa tu. Koili alibadilisha, ila plagi za nyuma zimejificha chini kabisa kwenye injini, mkono wake haupiti. Akaniambia, "Wewe kashike sufuria." Nikachomeka plagi kwenye ncha ya mpira, nikaishusha hadi kwenye tundu lake, nikazungusha taratibu mpaka ikashika. Sasa linanguruma vizuri. Kaka anataka nikae mbele naye, likizima mlimani nishuke mimi kulitengeneza. Bibi harusi na shela lake watajibana nyuma.

Binti yako,
Gaudiosa