Kaka, Waya Umepita Malishoni Mwako

Kaka uliye Omate, kama bado uko Omate,

Nakusalimu mimi mdogo wako wa Nyamitaba. Sijui barua hii itasomwa na nani kabla yako, kwa hiyo anayeisoma naye namsalimu, ila bado simwamini. Wewe unanijua. Mtu akija kwangu naangalia kwanza mikono yake kabla ya uso, na mama alikuwa akisema tabia hiyo nimeitoa kwako.

Nianze na jambo lenyewe. Waya umepita malishoni mwako. Si wa umeme, ni wa mtandao, ule wanaouita fibre optique, na umetoka barabarani kwenda kwenye kituo chetu cha afya. Njia fupi ilikuwa kukata malisho yako katikati, na wameyakata. Mimi ndiye niliyekubali. Kabla hujakasirika, soma kwanza.

Unajua tunavyoishi hapa tangu unyamaze. Ulipiga simu mwanzo wa mvua iliyopita, ukasema umepanda kilima kutafuta rezo ya simu, ukauliza habari za ng'ombe kabla ya habari zangu, kisha basi. Mtu mmoja aliyetoka huko Walikale akasema shimo la dhahabu la Omate liliporomoka na wewe ulikuwa ndani. Mwingine akasema amekuona sokoni ukicheka, tena umenenepa. Wa kwanza sikumwamini. Wa pili nilimuuliza maswali mpaka akaaga bila kunywa maziwa yake. Lakini baba mdogo alimwamini wa kwanza, tena upesi mno. Siku hizi hasemi tena "malisho ya mutoto ya kaka yangu." Anasema "ile malisho." Ukiwa hai, ni yako, kama baba alivyosema mbele ya ukoo. Ukiwa umekufa, yatakuwa yake, maana mimi niliolewa, na hata kama nimerudi nyumbani, kwao hilo halinipi kitu.

Basi siku moja nawapeleka ng'ombe, nikakuta watu wamevaa fulana za kung'aa wanapima majani yako kwa kamba. Mbele yao anatembea baba mdogo, anawaonyesha njia kwa fimbo kama mwenye nyumba anayepokea wageni. Sikupiga kelele. Niliketi chini, palepale kamba ilipopita, nikakunja miguu. Mkubwa wao akauliza mwenye malisho ni nani. Baba mdogo akajibu, "Ni miye njo mukubwa hapa." Nikasema mwenyewe yuko Omate na hajaulizwa.

Mama muganga, yule anayeongoza kituo, alipopata habari alikuja kuketi pembeni yangu na blauzi yake nyeupe. Hakunibembeleza. Aliniambia habari za yule mwanamke wa Burungu aliyeletwa kwa machela, mtoto amelala vibaya tumboni. Kituo kina mashine ya kuangalia tumboni, lakini daktari wa kuisoma vizuri yuko mjini, na picha haikwenda kwa sababu rezo ilikuwa imekufa. Wakamzika na mtoto wake. Nilikuwa namjua mwanamke huyo, tulikuwa tukiuza maziwa pamoja. Nikasema watapita, ila waombe ruhusa kwa jina lako, mbele ya watu, na baba mdogo aseme kwa mdomo wake malisho ni ya nani. Walikusanyika. Mkubwa wa wale watu akakuomba kwa jina, kana kwamba umesimama pale. Baba mdogo aliangalia kando, akakohoa, akasema, "Ni ya mutoto ya kaka yangu." Nilimwambia arudie, kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimefunika maneno. Akarudia.

Wakachimba mfereji, wakalaza bomba, wakafukia. Nilidhani yameisha. Halafu akaja fundi wa kuunganisha, peke yake, kutoka Goma, na huyo sikumwamini hata kidogo.

Unakumbuka wale watu wa nyundo, tulipokuwa watoto? Tulikuwa tunachunga upande wa juu, wakatupa biskuti, wewe ukawabebea mfuko mchana mzima. Waligonga mawe, wakatia vipande katika vichupa, wakafunga vifuniko vizuri. Tulicheka sana, watu wazima wanaokota mawe. Kisha kilima kile kikazungushiwa kamba, ng'ombe wa baba wakawa wanazunguka mbali kufika majini. Ulisema, "Wale bantu walijua kitu, siye tukakula biskuti." Tangu hapo hukuangalia tena majani, uliangalia yaliyo chini yake, mpaka udongo ukakuchukua ukakupeleka Walikale. Mimi nawachukia watu wale mpaka leo. Nasema wazi, nawachukia.

Sasa fundi huyu aliketi ndani ya kituo, akatandika kitambaa cheusi mezani, akachuna ngozi ya waya. Ndani mlikuwa na nyuzi nyembamba kama nywele, kila moja na rangi yake. Alizifuta kwa alkoli, akazikata, akazilaza katika mashine ndogo inayoziunganisha kwa moto usiouona. Nilikuwa dirishani, sikupepesa. Na kila alipokata, alikichukua kile kijipande kilichobaki kwa kibanio, akakitia katika kichupa, akafunga kifuniko. Kichupa, kaka! Anachimba malisho yako, kisha anaondoka na kichupa.

Nikaingia. Nikamuuliza, "Fundi, weye unabeba nini mu iyi chupa?" Akasema bila kuinua macho, "Ni uchafu tu, Mama." Nani anafungia uchafu kwa kifuniko? Nikatoka nikaita wamama waliokuwa wanarudi na madumu ya maziwa, na kabla sijamaliza kueleza, baba mdogo alikuwa ameshafika, tena ameshika karai. Unajua naye alichimba Omate kabla yako. Alikichukua kichupa mezani kama mtu anayedai chake, akamwaga vile vijipande karaini, akatia maji, akaanza kuzungusha na kutikisa kama mnavyoosha dhahabu huko. Sote tuliinama. Fundi alisimama na mikono kichwani, akisema tusiguse, na kwa kuwa alisema tusiguse, mimi niligusa.

Kitu kikanichoma kidoleni. Niliangalia, hakuna kitu. Damu hakuna, mwiba hauonekani, lakini uchungu upo. Fundi akaja akanishika mkono, na mara ya kwanza nikamwona amekasirika.

"Mama, iyi ni kioo. Ikianguka mu majani, hauione tena. Ng'ombe atakula, mutoto atakanyaga. Njo maana ninaifunga."

Kuhusu mtoto wamama walitikisa vichwa. Kuhusu ng'ombe walishtuka, wakavuta madumu yao nyuma, na mmoja akaanza kumgombeza baba mdogo kwa kumwaga kioo karibu na maziwa. Maji yale yalitiwa yote katika chupa kubwa ikafungwa, karai likafutwa kwa kitambaa, kitambaa nacho kikafungwa. Mama muganga alinitoa kile kijipande mbele ya taa, akiguna peke yake. Lakini mimi nilikuwa namwangalia baba mdogo. Alikuwa bado amesimama na karai tupu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa. Hapo nikaelewa. Sisi wengine tuliogopa kwamba kuna madini chini ya malisho yako. Yeye alikuwa ameomba yawepo.

Fundi alipomaliza alifunga nyuzi zile ndani ya kisanduku ukutani, akaniambia mimi, si mwingine, nishike karatasi mbele ya ncha ya waya bila kuiangalia ndani. Akaenda mpaka barabarani, kwenye ncha ya pili, na kitochi chake cha kupimia. Nikasimama na karatasi yangu nikifikiri ananichezea. Kisha alama nyekundu ikatokea juu ya karatasi, ndogo, imetulia. Mwanga umetoka barabarani, umepita chini ya majani yako yote, umenifikia mkononi. Nilifurahi, kaka, sikufichi. Hata hivyo fundi ameacha waya mwingi umezungushwa ukutani. Anasema ni akiba, siku ukikatika wapate wa kuvuta. Mimi nikipita nauangalia kama bado ni uleule.

Picha zinakwenda sasa. Juzi daktari wa mjini alisoma tumbo la msichana wa jirani, akasema mtoto yuko vizuri. Na ni Mama muganga aliyenipa wazo la barua hii. Anasema huko Omate wanunuzi wa dhahabu wana mtandao wao, na watu wa kwetu waliopo huko wana kikundi chao katika simu. Ataipiga picha aiweke humo, wasome wote, na aliye karibu nawe akuonyeshe. Nimekubali. Nakukumbuka mno, na nimechoka kulinda kitu cha mtu asiyesema neno.

Lakini nimefikiri. Yeyote anaweza kujibu akasema yeye ni wewe. Yeyote anaweza pia kuandika kwamba umekufa, na baba mdogo naye ana simu. Kwa hiyo usiniandikie. Tuma sauti. Na kwa kuwa hata sauti siku hizi watu wanaiga, useme lile jina. Ni la yule ndama aliyezaliwa njiani tulipokuwa tunakimbia vita, ukambeba shingoni, mama analia kwamba umtupe ubebe mfuko wa unga. Ulimpa jina tukiwa tunatembea, ukaniambia mimi tu sikioni. Hapa siliandiki.

Na wewe mwingine unayesoma, kama una habari kwamba kaka yangu hayupo tena, wewe pia niambie jina hilo. Kama ulikuwa naye mpaka mwisho, alikuambia. Kama hulijui, ninyamazie. Mimi kesho asubuhi nawapeleka ng'ombe malishoni, na nikiulizwa ni ya nani, najibu kwa jina la kaka yangu.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.